Kushusha friji kuukuu kutoka ghorofani katika nyumba ya mawe Lamu

Kwingine friji mbovu hutolewa kwenye stoo ya chini ya ardhi, lakini nyumba za mawe za Mji wa Kale wa Lamu hazina stoo hiyo. Mzigo wetu huwa juu: friji iliyopandishwa zamani hadi ghorofa ya pili au ya tatu, ikafanya kazi mpaka chumvi ya bahari ikamaliza mgongo wake. Siku inapokufa, mwenye nyumba huita vijana wanne na kuwaambia waishushe, na kila mmoja hutegemea mikono yake. Hapo ndipo watu huvunjika miguu na kupondwa vidole. Ukisahau mengine yote niliyoandika hapa, kumbuka hili: mtu asisimame chini ya friji ngazini, hata kidogo, isipokuwa kamba iliyofungwa juu imekwisha kuubeba uzito wote.

Friji ya milango miwili huwa na kilo 70 hadi 100, na za kale zenye mabati mazito hupita hapo. Tena uzito haukugawanyika sawa. Kompresa, pande zima la chuma, imekaa chini kwa nyuma, kwa hiyo friji ikiinamishwa hutaka kugeukia upande huo. Ikibebwa ngazini na watu wawili, zaidi ya nusu ya uzito humwangukia aliye chini. Wa juu akiteleza, yule wa chini hana pa kwenda: ukuta kushoto, ukuta kulia, vidato nyuma yake asivyoviona. Na vidato vya nyumba zetu ni virefu, vimelika katikati, na hakuna viwili vilivyo sawa.

Pima kwanza

Chukua tepu na karatasi. Pima urefu, upana na kina cha friji, mara moja ikiwa na milango na mara ya pili kwa kukisia haina. Kisha fuata njia yote itakayopita, kutoka ilipo mpaka barazani: kila mlango, upana wa ngazi, dari iliyo juu ya ngazi, tekani (ukumbi mdogo ndani ya mlango), mlango mkuu, na daka (kibaraza cha nje ya mlango). Usipime mlango kwa fremu ya nje peke yake. Pima pale palipo pembamba zaidi, maana kuta hizi zimepigwa lipu mara nyingi na hazijanyooka.

Pale ngazi inapokata kona ndipo pa kupima kwa makini kuliko pote. Friji yenye kitako cha sentimita 60 kwa 65 ina ulalo wa sentimita 88 hivi. Ikiwa hapo konani hapafiki sentimita 90 kila upande, hutaweza kuizungusha ikiwa wima, na ni heri ulijue hilo leo, ukiwa na karatasi mkononi, kuliko kesho friji ikiwa imekwama katikati ya ngazi na watu wamegawanyika, nusu juu nusu chini.

Vipimo vikikataa, usiwaze kubomoa. Mji wa Kale umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2001, na mlango wa nakshi au ukuta wenye zidaka (vishubaka vya ukutani) hauvunjwi kwa ajili ya friji mbovu. Njia nyingine ipo, nitaieleza mbele.

Sakafu

Vyumba vya Lamu ni virefu na vyembamba kwa sababu boriti ya mkandaa, mti wa mikokoni, ndiyo iliyoamua upana wake, mita 3 hivi au pungufu. Juu ya boriti kuna mawe ya matumbawe na chokaa, sakafu nzito yenyewe kabla hujaiongezea kitu. Friji moja na watu watatu wakikusanyika mahali pamoja ni zaidi ya kilo 250 katika eneo dogo sana.

Basi shuka chumba cha chini, tazama dari kwa tochi. Boriti iliyopinda, unga wa mchwa kwenye sakafu, lipu iliyoanza kuachana na mawe: ukiona mojawapo, ita fundi wa nyumba za kale atie nguzo za kushikiza kabla ya kazi. Kama dari ni ya zege, tafuta alama za kutu, maana nondo zilizopata chumvi huvimba na kupasua zege kutoka ndani. Hata sakafu ikiwa nzima, tandika mbao ndefu zinazokatiza boriti kadhaa, na upitishe friji karibu na ukuta ambako boriti zimeingia ukutani. Chini asikae mtu, wala mtoto asilale, mpaka friji iwe imetoka chumbani.

Iandae friji

Siku moja kabla, chomoa waya na uache milango wazi barafu iyeyuke. Weka matambara, kwa sababu maji yakimwagika ngazini usiku yatakuwa utelezi asubuhi. Toa rafu za kioo, droo, na kile kisahani cha nyuma juu ya kompresa kinachokusanya maji. Mara nyingi utakuta viluwiluwi vya mbu humo. Vaa glavu kabla ya kupeleka mkono nyuma: panya na nge hupapenda palipokuwa na joto, na bati lililoliwa na kutu hukata kama wembe.

Kisha toa milango. Skrubu zikiwa zimeshikana kwa kutu, zitie mafuta jioni, uzifungue asubuhi. Milango ikitoka, friji inakuwa nyepesi na nyembamba, lakini sababu kubwa ni nyingine. Friji iliyotupwa na mlango wake ni hatari kwa watoto. Mtoto huingia kujificha, mlango hujifunga, hewa humwishia, na ule mpira na kuta nene huizuia sauti yake isitoke. Za zamani zenye komeo la chuma haziwezi kabisa kufunguliwa kutoka ndani. Marekani ilipitisha sheria mwaka 1956 ya kuzilazimisha friji zifunguke kwa ndani baada ya watoto wengi kufa hivyo. Katika mitaa yetu watoto huingia kila daka na kila nyumba iliyoachwa wazi. Milango itoke kabla friji haijavuka kizingiti cha chumba, na isirudishwe kwenye friji inayotupwa.

Sasa soma kibandiko cha nyuma au cha ndani pembeni. Kinataja gesi ya kupoozea iliyo ndani ya mabomba: R12, R134a au R600a. Iandike. R12 ndiyo ya friji za kale. Ni katika zile gesi zinazotoboa tabaka la ozoni, ambazo Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987 ulikusudia kuzimaliza, na Kenya imo katika mkataba huo tangu 1988. Kilo moja yake ikitoka hewani huipasha dunia joto kuliko kilo 10,000 za kaboni dioksaidi. R600a haina ubaya huo lakini hushika moto, kwa hiyo sigara na jiko la mkaa viwe mbali. Vyovyote iwavyo, usikate bomba wala kung'oa kompresa ili kupunguza uzito. Utapunguza kilo chache na kuijaza nyumba gesi.

Ukikuta friji isiyo na kompresa kabisa, ya mafuta ya taa au ya gesi ya kupikia, ongeza tahadhari. Mabomba yake yana amonia, na maji yaliyotiwa dawa ya kuzuia kutu ambayo ni sumu. Bomba likitoboka kwenye ngazi nyembamba, moshi wake huchoma macho na kifua, na watu watakimbia na kuuachia mzigo. Ikiwa ina harufu kali hata ikiwa imezimwa, isiguswe mpaka fundi wa friji aione.

Watu na vifaa

Watu sita: wawili kwenye kamba, wawili wa kuielekeza friji, mmoja wa kuzuia watu wasiingie ngazini, mmoja wa kusema. Huyu wa kusema habebi kitu. Ni nahodha wa kazi, na maneno yake ni matatu tu: "tua", "shika", "vuta". "Tua" na "vuta" husemwa na yeye peke yake. "Shika" aweza kuipaza mtu yeyote, hata mtoto aliyesimama mlangoni, na aliye kwenye kamba hushika kwanza, akauliza baadaye. Ile "harambee!" ya kuvutia mashua pwani haifai hapa, kwa sababu inawatia watu nguvu ya pamoja ya ghafla, na ngazini ghafla ndiyo inayoua.

Kama kuna hamali mtu mzima kati ya uliowaita, mwambie kwa adabu, "Ami, wewe ndiwe nahodha wetu leo." Wazee hawa wamepandisha saruji, mchanga na matangi ya maji katika nyumba hizi, wanazijua ngazi za mtaa kuliko mwenye nyumba. Mpatane ujira kabla ya kuanza, na uulipe mzima hata kazi ikisimama katikati kwa sababu ya usalama. Hamali anayejua kuwa hatalipwa akisema "hapana" atakubali kubeba asichoweza, na mgongo wake ukivunjika hana mshahara wa mwezi unaomngoja. Mtu yeyote asifanye kazi hii na kandambili. Viatu vya kufunika vidole, na glavu.

Vifaa: kamba ya nailoni ya milimita 12, mpya, ndefu mara mbili ya ngazi na zaidi. Ikiwa mpya hubeba zaidi ya tani 2 kabla ya kukatika, lakini kila fundo na kila kona ya jiwe huipunguza sana. Kamba ya mashua iliyokaa juani msimu mzima, imekuwa ngumu na inatoa vumbi ukiisugua, haifai hata ikionekana nene. Boriti moja nzima, isiwe pau, ule mti mwembamba. Mbao mbili ndefu za ngazini. Magunia, blanketi kuukuu, kabari nne za mbao, na godoro bovu la kuweka chini.

Mahali pa kufunga kamba

Hapa watu wengi huharibu. Hufunga kamba kwenye fremu ya dirisha, au kwenye boriti ya dari iliyoliwa, au huizungusha kiunoni mwa kijana mwenye nguvu. Usifanye hata moja. Friji ya kilo 90 kwenye ngazi yenye mwinamo wa nyuzi 45 huvuta kamba kwa nguvu ya kilo 64 hivi. Ikichomoka na kusimama ghafla, mvuto ule huongezeka mara kadhaa.

Tumia ukuta wenyewe. Tafuta mlango wa chumba unaotazamana na kichwa cha ngazi. Ndani ya chumba hicho, laza boriti yako ikatize uwazi wa mlango, usawa wa magoti, ikipita kila upande kwa sentimita 40 au zaidi. Weka magunia kati ya boriti na ukuta ili lipu na nakshi zisiumie. Funga ncha zake zisianguke. Kamba ikivutwa kuelekea ngazini, boriti inakaza dhidi ya kuta mbili nene, na nyumba nzima ndiyo inayoshika.

Usiifunge kamba fundo kwenye boriti. Izungushe mara mbili kamili, kisha ncha yake ashike mtu aliyesimama ndani ya chumba. Msuguano wa mizunguko hiyo unafanya karibu kazi yote: mtu mmoja ataishikilia friji bila kukaza misuli, na akitaka kuitua hulegeza kidogo kidogo, kiganja kwa kiganja. Mzunguko mmoja ni haba. Mitatu itakwama. Mtu wa pili akae nyuma yake akipokea kamba isijikunje miguuni, na asijizungushie mkononi hata siku moja.

Jaribuni kwanza bila ngazi. Fungeni friji, isukumeni kwenye sakafu tambarare hadi kamba ikaze, wawili waiegemee kwa uzito wao, mtazame boriti. Ikitoa sauti au ukuta ukidondosha changarawe, badilisheni mahali.

Ngazini

Ifunge friji blanketi, kisha kamba kama mzigo wa posta: mizunguko miwili ya upana, juu na chini, na miwili ya urefu inayopita chini ya kitako. Kamba kuu ifungwe pale mizunguko inapokutana upande wa juu. Usitegemee miguu ya friji wala bati la chini. Kwa hewa yetu hii, bati hilo huonekana zima na likavunjika kama biskuti.

Laza mbao mbili juu ya vidato ziwe reli. Upande wa chini wa kila ubao, pigilia kipande kitakachokamata kidato zisiteleze. Friji ilazwe kwa ubavu, wala isilalie mgongo wenye mabomba, na kitako chenye kompresa kitangulie. Wanaoielekeza wanakaa upande wa juu yake, kila mmoja na kamba fupi iliyofungwa pembeni. Chini hakuna mtu. Weka mmoja nje ya ngazi kabisa, nyuma ya ukuta, wa kuzuia watoto na wageni. Jirani akija kuuliza kuna nini, ajibiwe kutoka mlangoni.

Tua nusu mkono, simama. Tua nusu mkono, simama. Itachosha, na kijana mmoja atasema tungekwisha maliza zamani. Mwacheni aseme.

Ikikwama, usishuke kuivuta kutoka chini. Nahodha aseme "shika", ncha ya kamba ifungwe fundo kwenye boriti, kabari zitiwe mbele ya friji kwenye mbao, na hapo ndipo mmoja ashuke, kwa idhini, aone kinachozuia. Akimaliza atoke kwanza, kabari zitolewe kutoka juu kwa kamba au kijiti, ndipo kazi iendelee. Mara nyingi kinachozuia ni blanketi lililojikunja au pembe iliyoingia katika lipu, na ukiivuta juu kidogo hujiachia yenyewe.

Penye kona, isimamishe wima, itie kabari, upumzike. Halafu hamisha boriti hadi mlango ulio karibu na ngazi ya pili. Kama hakuna mlango, kamba ile ile yaweza kupitia kona ya ukuta ikiwa umetandika gunia mara nne na ubao laini, lakini angalia kila baada ya hatua chache kama haikatiki.

Na kama una stoo ya chini ya ardhi, tuseme katika hoteli au nyumba mpya upande wa Malindi, mpangilio ni huo huo, ila friji inapanda. Boriti juu, mizunguko miwili, watu wanavuta kutoka juu, na kila kidato kinachopandwa kabari inafuata nyuma. Hakuna mtu wa kusukuma kwa bega kutoka chini.

Kama ngazi haitoshi

Inabaki kiwanda, ule uwazi wa katikati ya nyumba. Nguzo tatu zilizofungwa kichwani, kapi mbili za mashua, kamba, na friji inateremka wima hewani. Mabaharia wetu wanaijua kazi hii. Iwachie wao, au fundi aliyewahi kuifanya. Nitasema mambo mawili tu. Ukingo wa roshani au wa dari usiwe mahali pa kuegemeza kamba wala kapi, maana mawe ya ukingo yameshikwa na chokaa tu, na yakisukumwa kwa nje yanakwenda na friji. Na nguzo zisimame juu ya mbao zilizokatiza boriti, kwa sababu uzito wote utapita katika nyayo tatu.

Vichochoro, kisha bahari

Iacheni friji tekani, mpumzike, mnywe chai na mahamri. Vichochoro vipitwe baada ya sala ya alfajiri, kabla ya maduka ya Usita wa Mui, njia kuu ya mji, kufunguliwa na punda wa mchanga kuanza safari. Usipange Ijumaa mchana, wala siku za Maulidi mwezi wa Mfungo Sita, mji unapojaa wageni. Mkokoteni unatosha pale unapopita. Pasipopita, bebeni kwa miti miwili iliyofungwa chini ya friji, watu wanne, mmoja mbele akitazama mitaro.

Punda asibebeshwe. Mizigo yake ni ile inayogawanyika sawa pande mbili ndani ya shogi, ule mfuko wa pande mbili wa mgongoni. Friji haigawanyiki, inamlemea upande mmoja na kumchubua uti wa mgongo. Mji huu una hospitali ya punda tangu mwaka 1987, na vidonda vya mizigo iliyofungwa vibaya si vigeni pale.

Kwenye gati, saa ni ya maji. Wakati wa bamvua, mwezi mpevu na mwezi mwandamo, bahari hupanda na kushuka mita 3 na zaidi, na maji yakiwa yamekupwa boti iko chini sana ya gati: umejitengenezea ngazi nyingine. Pakieni maji yanapokaribia kujaa, sakafu ya boti ikiwa karibu sawa na gati. Kujaa huchelewa kwa dakika 50 hivi kila siku, basi siku ya kazi ichaguliwe hivi kwamba maji ya asubuhi yawakute mmeshafika. Friji isimame katikati ya chombo, ifungwe pande nne, na abiria wasiiegemee hadi Mokowe, gati la upande wa bara.

Kabla ya kuisafirisha, uliza kama kuna anayeihitaji hapa hapa. Friza ya kulala iliyokufa bado huhifadhi barafu ya samaki vizuri. Ing'olewe tu komeo, na kifuniko kitobolewe matundu kiwe hakishiki hewa. Ikiwa itatengenezwa, isimamishwe wima saa 24 kabla ya kuwashwa, mafuta yarudi kwenye kompresa. Na ikiwa inakwenda kwa wanunuzi wa chuma chakavu, ipitie kwanza kwa fundi wa friji mwenye mashine ya kunyonya gesi, si mwenye koleo la kukatia bomba tu. Mpe ile karatasi yenye jina la gesi, na usubiri hapo mpaka amalize kuinyonya.